IP68 siyo ruhusa ya kuzama na simu Chemka

Kila Jumatatu lazima aje mtu na simu kali imezima. Simu ya milioni mbili na nusu, milioni tatu, haina hata mkwaruzo, protekta bado ile ya kwanza, na maneno ni yale yale: "Fundi, mbona hii nimeambiwa haiingii maji?" Ukimuuliza ilikuwaje anakwambia jana walikuwa Chemka, ile chemchemi ya kuogelea kule Boma Ng'ombe, na washkaji, wakaruka na ile kamba, akawa anajirekodi chini ya maji kwa sababu maji ya pale ni meupe mpaka unaona mizizi, na simu ilikuwa fresh kabisa mpaka usiku alipoichomeka chaji. Wiki hii wamefuatana wa hadithi hiyo hiyo, na mmoja wao aliyemuuzia alimwambia kabisa "hii dada yangu we oga nayo tu". Nimechoka jamani. Ngoja niseme yote hapa, kwa sababu ukiwa kaunta na foleni iko nyuma huwezi kuelezea mtu akaelewa.

Tuanze na hiyo namba, IP68, ile inayoandikwa kwenye boksi kuonyesha simu inahimili vumbi na maji kiasi gani. Ile 6 ni ya vumbi, iacheni, haina shida. Shida ni ile 8. Watu wanaisoma kama maksi za mtihani, kwamba 8 ni kubwa kwa hiyo maji hayagusi. Hizi namba zinatoka kwenye kiwango kinaitwa IEC 60529, na 8 maana yake kifaa kimezamishwa kwa masharti ambayo mtengenezaji ameyaweka, ilimradi yawe makali kuliko ya 7, na 7 ni mita 1 kwa dakika 30. Ndo maana Apple kuanzia iPhone 12 wanakwambia mita 6 kwa dakika 30, Samsung kwenye Galaxy S24 wanakwambia mita 1.5 kwa dakika 30, na zote mbili kwenye boksi ni IP68. Namba moja, kina tofauti mara nne. Na wote wawili wameandika kwenye maelezo yao, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, kwamba uwezo huo unapungua kadiri simu inavyotumika, na kwamba uharibifu wa maji hauko kwenye waranti. Yaani aliyeitengeneza mwenyewe hathubutu kukulipia, halafu muuzaji wa mtaani anakwambia oga nayo.

Sasa kipimo chenyewe kinafanyikaje. Simu ni mpya. Maji ni masafi ya kawaida, yametulia, simu inashushwa taratibu inakaa humo inasubiri. Hakuna anayeruka nayo. Kwenye kipimo cha 7 hata joto wanaliangalia, maji na kifaa visipishane zaidi ya nyuzi 5. Linganisha na Jumapili yako wewe. Simu imekaa kwenye dashibodi kutoka Arusha mpaka Boma Ng'ombe jua linaipiga, ukashika ile njia ya vumbi bado iko pale pale mbele inaonyesha ramani, ikifika imechemka mpaka imepunguza mwanga yenyewe, na wewe moja kwa moja majini nayo. Hewa iliyokuwa imetanuka ndani inasinyaa ghafla, presha ya ndani inakuwa ndogo kuliko ya nje, na simu inavuta kupitia popote itakapopata upenyo. Hapo bado hujaruka. Ukiruka kutoka juu mita 3, pale inapopiga maji simu inapata msukumo unaokaribia wa kuizamisha kina cha mita 3. Kwa simu iliyopimwa mita 1.5 tayari umezidisha mara mbili, na hapo bado hata hujaanza kupiga mbizi.

Kinachozuia maji ni nini? Watu wanadhani kuna chuma fulani ndani, kuna teknolojia nzito. Ni gundi. Gundi nyembamba inayozunguka kioo na mfuniko wa nyuma, kimpira kidogo kwenye trei ya laini, na vitambaa vidogo sana vya utando kwenye spika na maiki ambavyo vinapitisha hewa ila vinakataa tone la maji. Basi. Ukiidondosha simu ikapiga kona, fremu ikapinda kiasi ambacho hata jicho halioni, gundi imeachia pale. Ukiikalia kwenye mfuko wa nyuma kila siku kwenye bodaboda, gundi inachoka. Sabuni nayo ni mbaya kuliko maji, kwa sababu maji ya sabuni yanapenya pale ambapo maji matupu yangekataa, kwa hiyo wale wanaoosha simu kwa sabuni chini ya bomba kwa sababu waliona video, naomba muache. Na maji ya bomba yanayotoka kwa kasi ni kipimo kingine kabisa, namba 5 na 6 za upande wa maji, simu kufaulu 8 haimaanishi imefaulu na hizo kama hazijaandikwa.

Kuna suala moja linaniumiza kuliko yote, nalo ni ukungu kwenye kamera.

Mtu ametoka majini, simu inawaka, inapiga picha, ila lenzi ina ukungu kwa ndani. Anaiweka juani. Baada ya saa moja ukungu umeondoka, anafurahi, anawaambia wenzake si mnaona imepona. Haijapona! Yale maji yamekwenda wapi? Yalipoingilia ni upenyo mdogo, hayawezi kutoka yote kwa saa moja. Yamegeuka mvuke, yamehama kutoka kwenye lenzi yamekwenda kutua sehemu yenye ubaridi zaidi, na mara nyingi hiyo sehemu ni kwenye bodi, chini ya vibati vinavyofunika IC, yaani zile chipu, ambako jua halifiki na hewa haizunguki. Nikiifungua simu ya namna hii nakuta kwanza kile kistika cheupe cha ndani, kinachobadilika rangi kikiguswa na maji, kimekuwa chekundu. Halafu nikichomoa soketi ya kioo naona kwenye vipini vyake, vile vidogo kama chembe za sukari, sehemu moja ya pembeni pameota ukijani unaoelekea bluu, na vipini viwili vya mwisho vimeshaliwa, ukivigusa na kibanio vinabaki kama vumbi. Kijani hicho ni shaba ya simu yako inayeyuka. Na mwenye simu anakuwa amekaa wiki nzima anaitumia anasema iko poa.

Ila na mimi niseme ukweli hapa, maana kuna mafundi wanawatisha watu bure. Ukungu peke yake hauthibitishi kwamba maji yameingia. Ule utando wa spika unazuia maji lakini mvuke unapita, hewa ya ndani ya simu ina unyevu kama hewa ya chumba chako. Vijana wanaopandisha wageni mlimani wananiletea simu zenye ukungu ambazo hazijagusa hata tone, zimetoka kwenye joto zikaenda kwenye baridi la juu basi, ukifungua ndani ni pakavu na kistika bado cheupe. Ukitoka bafuni kwenye mvuke wa maji ya moto hivyo hivyo. Kwa hiyo ukungu ukiniletea nakuuliza maswali kwanza, na kuna wakati hata baada ya maswali yote bado mpaka nifungue ndo najua, na kuifungua nako ni kuikata ile gundi ya kiwandani. Hilo halina jibu zuri.

Sasa turudi kwenye ile "ilikuwa fresh mpaka nilipoichomeka chaji". Hii ndo inaua simu nyingi kuliko kuzama kwenyewe. Maji matupu kabisa yanapitisha umeme kidogo sana, lakini maji ya huku kwetu yametoka chini ya ardhi yana madini, sisi watu wa Arusha na Meru tunayajua kwa floraidi mpaka kwenye meno, na ya baharini ndo usiseme. Madini yakishakuwepo, ukiweka umeme, chuma cha upande mmoja kinaanza kuyeyuka kinahamia kwingine. Simu ikiwa imezimwa hilo linakwenda polepole. Ukichomeka chaja unapeleka volti 5 au zaidi moja kwa moja kwenye vipini vyenye maji, dakika chache tu sistimu chaji, yaani mlango wa chaji wenyewe, imeungua, ukiwa na bahati mbaya na chaji IC, chipu inayosimamia chaji, imepiga shoti. Simu nyingi za sasa zinakuonya, iPhone inaandika kabisa imegundua maji na inakataa kuchaji, Samsung inaonyesha alama ya tone. Halafu kwenye iPhone kuna kitufe cha dharura cha kulazimisha. Watu wanakibonyeza! Wanakuja hapa wananiambia "ilikuwa inaniletea maneno fulani nikayapita".

Na siyo kwamba ni maneno ya fundi anayetafuta hela. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliipiga Samsung ya kule faini ya dola za Australia milioni 14 kwa matangazo yaliyoonyesha simu zao zikitumika baharini na kwenye mabwawa ya kuogelea, zile za enzi za Galaxy S7 na S8, wakati kampuni yenyewe ilikubali kwamba mlango wa chaji unaweza kuliwa na kutu na kufa ikiwa utachajiwa bado una unyevu. Italia nako mwaka 2020 Apple walipigwa faini ya euro milioni 10, mojawapo ya sababu ikiwa ni kutangaza simu hazisumbuliwi na maji halafu kukataa kuzitengeneza kwenye waranti zikiharibiwa na maji. Kwa hiyo wenzetu wameshagombana nalo mpaka mahakamani, sisi bado tunapima kwa kuitumbukiza kwenye beseni.

Mchele, nitasema haraka. Hapana. Apple wenyewe wameandika usiweke kwenye mchele, vumbi lake linaingia kwenye mlango wa chaji, na mchele hauvuti maji yaliyoko chini ya IC. Nimeshachokonoa punje kwenye simu za watu mpaka basi.

Ikiingia maji fanya hivi: izime. Siyo kufunga kioo, izime kabisa, na isipozima acha kuibonyeza bonyeza. Toa trei ya laini, futa, igeuze mlango wa chaji uangalie chini uigonge taratibu na kiganja, uiache penye upepo. Usipulize, mdomo unasukuma maji ndani zaidi, na usipige draya ya nywele. Kama ilikuwa ni mvua tu imelowa mlango wa chaji, ikishakauka vizuri itarudi, subiri hata siku nzima. Kama imezama, au ilikuwa maji ya chumvi au soda au chai, usisubiri ikauke, ilete siku hiyo hiyo iko imezimwa. Nikiipata mapema naifungua, nachomoa betri kwanza, naosha bodi na spiriti, naipiga brashi chini ya hadubini. Ukiileta baada ya siku tatu ulizokaa nayo ikiwa imewashwa, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Na hata nikiiosha nikaiwasha ikawaka, siwezi kukuahidi. Naomba mnielewe kwenye hili kwa sababu ndo ugomvi unapoanzia. Zipo zinazotoka hapa zinadumu mpaka mwenyewe anaiuza, zipo zinazokufa baada ya miezi miwili, na siku nazitoa mezani zote zilikuwa zinafanana, multimita, kile kipima umeme, inasoma sawa sawa. Chini ya IC kuna sehemu brashi haifiki, na kilichobaki kule kinaendelea kula. Fundi anayekupa gerentii ya mwaka kwenye simu iliyozama, muulize ameonaje chini ya IC.

Kuhusu kuirudishia uwezo wake wa maji baada ya kuifungua: naweka gundi mpya iliyokatwa kwa umbo la simu husika nikiipata, nisipoipata ni B7000, gundi ya tyubu ya mafundi, kama wote. Kuna programu zinazosoma kipima presha cha ndani ya simu, unabonyeza kioo kwa kidole na kama imeziba unaona presha inapanda, na mimi huwa naitumia kwa simu zenye kipimo hicho, lakini inaniambia tu kwamba hakuna tundu kubwa. Mita 6 mimi sina cha kuzipimia. Kwa hiyo simu yoyote iliyobadilishwa kioo au betri mtaani, iwe kwangu au kwa mwingine, ihesabu kuwa haina IP yoyote.

Na kabla hamjaniandikia kuhusu IP69, ndiyo naijua, OnePlus 13 inayo pamoja na 68. Hiyo ni maji ya moto nyuzi 80 yanayopigwa kwa presha kubwa kwa karibu, ni kipimo kizito naikubali. Bado imepimwa ikiwa mpya, bado haijapimwa kwa chumvi wala sabuni wala kwa kudondoka kwenye ngazi za stendi.

Wanaonunua used, hasa hizi zinazokuja zimeng'arishwa kama mpya: chomoa trei ya laini, washa tochi ya simu nyingine, chungulia lile tundu. Kwenye iPhone nyingi na Samsung nyingi kistika kiko humo humo. Kikiwa cheupe sawa, japo mjanja anaweza kukibadilisha. Kikiwa chekundu au cha pinki mrudishie simu yake, hata kama inawaka vizuri, hata kama amepunguza laki tatu.