Mbao za dashibodi ya Jaguar Mk 2: usianze na msasa

Vanishi ya dashibodi ikishapasuka-pasuka na kugeuka rangi ya maziwa, mkono wa kila mtu huenda kwenye msasa. Uzuie. Vinia ya walnati, yaani karatasi nyembamba ya mti iliyobandikwa kwenye mbao hizi, haifiki hata milimita moja kwa unene; nyingi ziko karibu na milimita 0.6, na kiwandani ilikwishapigwa msasa kabla ya kupakwa. Kila fundi aliyeigusa baada ya hapo amepunguza kidogo. Shabaha yako ni kuondoa vanishi yote bila kuondoa mti, kwa hiyo mwanzo wa kazi ni kemikali na subira, na mashine ya msasa ibaki kabatini.

Nazungumzia gari la Jaguar Mk 2 lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1959 na 1967, kwa sababu ndilo lenye mbao nyingi mbele ya macho. Paneli ya dereva ina spidomita na geji ya mizunguko ya injini, upande wa abiria kuna mfuniko wa droo, halafu kuna reli na vipande vya milangoni. Zote ni mbao zilizovikwa vinia. Paneli ya katikati, yenye geji ndogo na safu ya swichi, ni chuma kilichofunikwa ngozi bandia nyeusi, kwa hiyo leo hatuigusi, ila tunaifungua ili mikono ipate njia.

Toa kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Kwenye Mk 2 waya huo ni wa chanya, kinyume cha magari tuliyozoea. Kama betri itafungwa na mtu mwingine, mwandikie hilo kwenye karatasi na kuibandika juu ya betri, maana akirudisha kwa mazoea utaunguza vitu. Paneli ya katikati ina skrubu mbili za kuzungusha kwa vidole. Zikitoka inalala mbele na unaona nyuma ya geji. Geji zenyewe zimeshikwa na daraja la chuma na nati ndogo. Fungua kebo ya spidomita, vuta vishikio vya taa, bandika karatasi yenye namba kwenye kila waya, kisha piga picha hata kama unaamini utakumbuka. Skrubu za mbao ziweke kwa mafungu, kwa sababu ndefu ikiingia tundu la fupi itatokeza usoni mwa vinia.

Sasa tazama pale pete ya kromu ya spidomita ilipokalia. Utaona duara la rangi ya kahawia iliyokolea, na nje yake mti umepauka kuwa wa dhahabu. Walnati hufifia kwa jua, na jua la kioo cha mbele limefanya kazi kwa zaidi ya nusu karne. Duara hilo ndilo kielelezo chako cha rangi ya asili. Lipige picha kwenye mwanga wa mchana kabla ya kulipaka kitu chochote, kwa kuwa kemikali zikishapita hutaweza kulisoma tena vizuri.

Kabla ya kutoa vanishi, toa mafuta. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika na mwenye kazi asijue kwa nini. Dawa za kung'arisha dashibodi zinazouzwa kila sheli zina silikoni, na silikoni huingia kwenye nyufa hadi kwenye mti. Baada ya wiki mbili za kazi nzuri unapiga klia, ile rangi angavu ya mwisho, nayo inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo kila mahali. Nunua dawa ya kuondoa nta na silikoni kwenye maduka ya rangi za magari. Paka kwa kitambaa kimoja, futa kwa kingine kabla haijakauka, badilisha vitambaa, rudia mara tatu. Ukifuta kwa kitambaa kilekile unaihamisha tu.

Jaribu vanishi kwa pamba yenye thina ya selulosi, sehemu isiyoonekana. Ikilainika na kunata, ni vanishi ya selulosi ya zamani, na dawa ya kawaida ya kuondolea rangi, ile nzito ya kupaka kwa brashi, itaitoa. Isipolainika, kuna mtu aliwahi kuipaka poliurethani au poliesta, na hiyo huondoka kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto na kikwaruzo cha plastiki, taratibu, ukifuata mkondo wa nyuzi. Dawa hiyo ya kuondolea rangi ipake nene, ifunike kwa nailoni dakika ishirini, kisha ikwangue. Kikwaruzo cha chuma kizungushe kona kwa tupa kwanza. Mabaki yatoe kwa sufi ya chuma laini na thina, na usioshe kwa maji, kwa sababu gundi za zamani hulegea zikilowa.

Madoa meusi kuzunguka matundu ya skrubu yametokana na kutu ya chuma kukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye walnati. Msasa hauyatoi, maana yameingia ndani. Changanya gramu 50 za asidi ya oksaliki kwenye nusu lita ya maji ya moto, paka kwenye doa peke yake kwa brashi ndogo, subiri, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ni sumu, vaa glavu, na unga wake usiuvute.

Halafu uamuzi. Mimi huokoa vinia ya zamani kila inapowezekana, hata ikiwa na makovu, kwa kuwa umri wake haununuliwi. Lengelenge lipasue kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, weka nailoni, juu yake kibao bapa, kaza klampu na uache hadi kesho yake. Palipopotea kipande, weka kiraka chenye umbo la mtumbwi, ncha zake zikifuata nyuzi, kwa sababu kiraka cha mraba kitaonekana kutoka nje ya gari. Weka vinia mpya juu ya ya zamani, kata zote mbili kwa pamoja kwa wembe mpya, na kiraka kitakaa bila pengo.

Vinia ikiwa imetobolewa na msasa wa watu waliopita, au imeachia sehemu kubwa, bandika mpya. Nunua karatasi zinazofuatana kutoka gogo moja, ili paneli ya dereva na mfuniko wa droo vitazamane kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Walnati yenye vinundu huja imejikunja na hukatika ukiigusa vibaya. Nyunyizia mchanganyiko wa maji sehemu nne, gliserini moja na spiriti moja, ibane katikati ya karatasi nyeupe na vibao viwili vizito. Badilisha karatasi baada ya saa mbili, kisha kila siku, siku tatu au nne. Usitumie magazeti, wino utahamia kwenye mti.

Mbao ya chini iandae wakati huo. Vinia ya zamani itoe kwa pasi ya moto na kitambaa chenye unyevu, ukiinua polepole. Tabaka za plaiwudi zilizoachana zijaze epoksi na uzibane. Mashimo yajaze bodifila, ile lipu ya kujazia bodi za magari, kisha piga msasa namba 80 halafu 120 ukitumia kibao bapa. Bonde dogo usiloliona sasa utaliona vizuri sana likishakuwa chini ya klia inayong'aa.

Gundi ni swali linalozua ubishi. Gundi ya mpira, ile ya kopo ya mafundi viatu, ni rahisi na inashika papo hapo, nami naikataa kabisa kwa dashibodi. Thina ya klia hupenya vitundu vya vinia na kuilegeza, na gari likisimama juani saa saba mchana malengelenge yanarudi. Gundi ya urea ya unga ndiyo bora, kwa sababu ikikauka haisikii joto. Paka kwenye mbao tu, weka vinia, nailoni, kisha ubao wa milimita 18 juu, na klampu kuanzia katikati kwenda pembeni ili gundi ya ziada itoke. Acha saa 24. Matundu ya geji yafungue kwa wembe kutoka usoni, kisha zungushia msasa kwenye kijiti na usukume kuelekea nyuma peke yake. Ukivuta kuja usoni utanyofoa ukingo.

Upande wa nyuma na kingo za matundu zipake vanishi mara mbili. Unyevu uliingia kwa njia hiyo mara ya kwanza, na mbao iliyopakwa upande mmoja hupinda. Kwa gari linaloishi Mombasa, Tanga au Zanzibar hatua hii si ya hiari.

Vinia ikiwa tayari, msasa sasa unaruhusiwa: namba 240 kwa mkono, kisha 320, kufuata nyuzi, na kuishia sentimita moja kabla ya ukingo. Ukingoni pitisha mara moja tu. Kwa rangi tumia ile inayoyeyuka kwenye spiriti, nyembamba, mara kadhaa, ukilinganisha na picha ya lile duara. Vanishi zenye rangi ndani yake ziache, zinafunika michoro ya mti. Jaribu kwenye kipande kilichobaki na ukipige klia kabisa, kwa sababu rangi kavu hudanganya.

Klia ya magari ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa ina kinga ya miale ya jua na haigeuki kuwa njano haraka. Nyingi huchanganywa mbili kwa moja, lakini fuata kopo lako. Lita moja ya klia na nusu lita ya hadina zinatosha dashibodi nzima. Hadina hiyo ina isosianeti, ambayo huweza kuleta pumu isiyopona. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu: tafuta yenye vichujio vya mvuke, au ya kupelekewa hewa safi, na pulizia mahali penye upepo.

Piga mikono (tabaka) mitatu myepesi, iache usiku kucha, sugua namba 320, piga mitatu tena. Hapo simama wiki nzima. Klia hunywea kwenye vitundu vya walnati siku baada ya siku, na ukiing'arisha mapema, mwezi ujao utaona vishimo vimejirudia. Baada ya wiki sugua namba 600 kwa maji hadi uso wote uwe wa kijivu usio na nukta zinazong'aa, piga mikono miwili ya mwisho, kisha 1000, 1500, 2000 na dawa ya kung'arisha. Anayetaka vanishi ya selulosi badala ya klia kwa uaminifu wa kihistoria ajue kwamba wakati wa masika pwani itapauka nyeupe ikiwa bado mbichi, kwa kuwa thina ikiruka hupoza uso na kunasa unyevu wa hewa. Apige siku kavu, au aongeze thina ya kuchelewesha.

Klia ina unene, nao huonekana kwenye mfuniko wa droo. Mianya ilikuwa midogo tangu kiwandani; mikono minane kila upande na mfuniko utasuguana na fremu hadi ukwanguke. Jaribu kuufunga baada ya kila raundi, na kingo zipulizie kidogo kuliko uso. Vivyo hivyo kwa matundu ya geji: uzi wa vanishi uliobaki ndani ukwangue kwa wembe, usilazimishe geji kwa kidole gumba.

Wakati wa kurudisha, kumbuka mbao haipitishi umeme. Kila geji ina waya wake wa ardhi kwenye daraja la nyuma. Ukisahau mmoja, taa ya geji haiwaki au mshale unacheza-cheza, na watu huanza kununua geji mpya bure. Nati za daraja kaza kwa vidole peke yake, maana spana hupinda pete ya kromu na kuibana klia changa hadi iache alama. Jaribu taa, mshale wa mafuta na wa joto paneli ya katikati ikiwa bado imelala, kisha ndipo uinue na kuifunga.