Tundu Kabla ya Uzi

Udongo wa chungu ukifikia ugumu wa sabuni ya mche, nina saa mbili tatu za kuamua pa kutoboa matundu ya uzi. Ukiwa laini kuliko hapo, tundu linajifumba lenyewe. Ukikauka zaidi, spoku ya baiskeli ninayotobolea inamega ukingo. Hapa Uyole, Mbeya, Juni na Julai, hata hizo saa tatu sizipati, maana upepo wetu wa kiangazi ni baridi lakini mkavu: unakausha mdomo wa chungu wakati kitako bado kinanata. Ukipita kwangu msimu huo utakuta vyungu vimefungwa vilemba vya kanga zilizolowa, utadhani vinaumwa kichwa.

Wanaoona vyungu vyangu vilivyoshonewa vitambaa hufikiri nilianza na kitambaa, au na udongo. Nilianza na kibuyu. Bibi yangu, kule Rungwe, alikuwa na kibuyu cha maziwa kilichopasuka ubavuni, akakishona. Alitoboa matundu pande zote mbili za ufa kwa msumari wa moto, akapitisha uzi, akauvuta mpaka ufa ukafumba. Mshono ulitokeza kama kovu la operesheni, na kila nikipewa kibuyu kile nikishike, kidole kilikwenda palepale. Vibuyu vizima vilikuwepo pia pale jikoni. Sivikumbuki.

Ufinyanzi wenyewe nilikuja kuufuata ukubwani, Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa, karibu na Matema. Kule wafinyanzi ni wanawake, na vyungu husafiri kwa mitumbwi kwenda sokoni. Bibi aliyenipokea alinifundisha kwa kuninyang'anya: nikikosea, chungu kinatoka mikononi mwangu, kinarekebishwa, kinarudi. Maneno yalikuwa machache. Nilimwamkia asubuhi, akaniitikia, tukafinyanga.

Sasa, kuoanisha udongo na kitambaa. Chukua kipande cha udongo mbichi, chora mstari wa sentimita 10, ukikaushe, ukichome, halafu upime. Wa kwangu, ninaouchimba bondeni, hurudi na sentimita 9 kasoro kidogo. Kitambaa hakisinyai hivyo. Ukikibandika kwenye chungu kibichi, chungu kitajivuta, kitambaa kitabaki na ukubwa wake, na ufa utatokea hapo walipokutana. Tena udongo hauwi chungu kwa kukauka tu. Lazima moto uvuke nyuzijoto 600 hivi, vinginevyo ukiuloweka unarudi tope, na kabla ya kufika huko pamba imeshakuwa majivu siku nyingi. Hawa wawili hawawezi kuingia motoni pamoja wakatoka wote. Mmoja asubiri nje.

Ndiyo maana natoboa mapema, na natoboa pana kuliko sindano ya gunia, kwa kuwa tundu nalo linasinyaa na chungu. Baada ya kuchoma siongezi hata moja. Mpango wote wa mshono, kamba ya katani itapita wapi, kipande cha kanga kitaning'inia upande gani, nakuwa nimeuamua siku ile ya sabuni ya mche, uzi wenyewe bado uko sokoni.

Kuna njia moja ya kuwaingiza wote motoni, ukikubali kumpoteza mmoja. Nachukua vitambaa vya makochi, vile vya kufuma kwa kroshia, navichovya kwenye udongo mwepesi kama uji, navikausha juu ya bakuli lililopinduliwa, nachoma. Pamba inaungua, udongo uliokuwa umeivaa unabaki: ganda jembamba lenye kila kitanzi cha yule aliyefuma. Vingi huvunjika. Mara ya kwanza hata sikufika kwenye kuvunjika, maana uzi haukuwa pamba. Ulitoa moshi mweusi mtaa mzima ukafunga madirisha, na jirani akaja kuniuliza, kwa upole uliokuwa mzito kuliko matusi, kama nachoma matairi. Siku hizi nachomoa uzi mmoja na kuuwasha kwa kiberiti. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu, ni pamba. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga, urudi kwenye kochi.

Weusi wa vyungu vyangu si rangi. Nakitoa chungu kikiwa bado chekundu kwa moto, nakizika kwenye pumba za mpunga, nafunika. Pumba zinafuka bila hewa ya kutosha na masizi yanaingia ndani ya udongo. Nikipewa gunia la pumba kutoka Mbarali nafurahi kuliko nikipewa gunia la mchele. Basi, karibu sawa.

Nyuzi na vitambaa nanunua soko la Mwanjelwa. Sweta za mitumba nazifumua, na kwa baridi ya Mbeya sweta hazikosekani. Kanga nazikata kwenye jina. Niliwahi kukata "Mgeni njoo mwenyeji apone" nikabakiza "mwenyeji" peke yake, nikaishona kuzunguka shingo ya chungu chenye tundu kubwa kitakoni. Aliyekinunua alisema kinamchekesha. Mimi hakinichekeshi, lakini fedha nilipokea.

Wasanii ninaowatazama mara kwa mara ni wawili. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, anajenga vyungu kwa mkono bila gurudumu na kuving'arisha kwa kusugua, bila kuvipaka glezi, ule mng'ao wa kioo unaochomewa juu ya udongo. Kwake nimejifunza kuliacha tumbo la chungu lisemwe na umbo tu, nikapunguza mashada ya uzi niliyokuwa nikiyalundika. El Anatsui wa Ghana, kabla ya kazi zake kubwa kama shuka, zilizounganishwa kwa vizibo vya chupa, alifanya kazi na vyungu vilivyovunjika. Nilipolijua hilo niliacha kutupa vigae. Vingine navitwanga na kuchanganya kwenye udongo mpya, vinausaidia usipasuke motoni. Vilivyobaki navishona.

Mwaka jana nilirudi Ikombe na chungu kimoja mkobani, chenye matundu 60 na katani iliyosukwa pande zote. Bibi alikipokea, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha kusikiliza mlio. Uzi hakuugusa. Matundu hakuyataja. Akapitisha kidole gumba mdomoni mwa chungu, mzunguko mzima, akanirudishia.

"Mdomo mzito," akasema.