Mbwa wa Huduma na Mbwa wa Faraja Kwenye Meli za Kitalii: Dhana Potofu na Ukweli

Anayetaka kusafiri na mbwa wake kwa meli ya kitalii hukaguliwa mara mbili, na wakaguzi hao wawili hawatafuti kitu kimoja. Kampuni ya meli huuliza mbwa amefundishwa kufanya nini. Serikali ya kila nchi ambayo meli inatia nanga haijali sana habari za mafunzo. Inachotaka kujua ni kama mbwa huyo anaweza kuingiza ugonjwa nchini. Dhana nyingi potofu kuhusu safari hizi hutokana na kuyachanganya maswali hayo mawili, na wanaoumia ni wale wanaogundua kosa wakiwa tayari bandarini, mizigo ikiwa imekwisha kupandishwa.

Dhana: Mbwa wa faraja na mbwa wa huduma ni wale wale

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Mbwa wa huduma amefundishwa kazi mahususi inayohusiana moja kwa moja na ulemavu wa mtu anayemhudumia: kumwongoza asiyeona, kumjulisha kiziwi kwamba king'ora kinalia, kumwokotea vitu mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au kumtahadharisha mgonjwa wa kisukari wakati sukari yake inaposhuka. Mbwa wa faraja humtuliza mtu kwa kuwa naye karibu tu. Faraja hiyo ni ya kweli na sioni sababu ya kuibeza, lakini sheria haipimi kiasi cha faraja; hupima mafunzo. Nchini Marekani, Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990, ijulikanayo kwa kifupi kama ADA, pamoja na kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011, inamtambua mbwa aliyefundishwa kazi, na inatamka wazi kwamba mnyama ambaye mchango wake ni kufariji tu hahesabiwi kuwa mnyama wa huduma. (Farasi wadogo waliofundishwa wametengewa kifungu chao katika kanuni hizo hizo, ingawa ni vigumu kumwazia mmoja wao akipanda ngazi za meli.) Kampuni kubwa kama Royal Caribbean na Carnival hazipokei mbwa wa faraja, hata mwenye mbwa awe na barua ya daktari.

Hapa wengine huteleza upande wa pili, wakadhani kwamba kila mbwa anayemsaidia mtu mwenye maradhi ya akili ni mbwa wa faraja. Sivyo. Mbwa aliyefundishwa kumwamsha mtu anayeteswa na jinamizi kila usiku kutokana na majeraha ya vita, au kumlalia kifuani kwa uzito wake pindi hofu kuu inapompanda, anafanya kazi aliyofundishwa, na kwa hiyo ni mbwa wa huduma kamili. Tofauti haimo katika aina ya ugonjwa, wala haimo katika kuonekana au kutoonekana kwa ulemavu. Imo katika swali moja: dalili zinapoanza, mbwa anafanya nini ambacho hakuzaliwa nacho?

Kwa sehemu fulani mkanganyiko huu ulitoka angani. Kwa miaka mingi mashirika ya ndege ya Marekani yalilazimika kuwabeba wanyama wa faraja waliokuwa na barua ya mtaalamu, na wasafiri wakazoea kwamba barua inatosha popote. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilibadilisha kanuni hiyo Desemba 2020, na tangu Januari 11, 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumhesabu mnyama wa faraja kuwa mnyama wa huduma. Mazoea, hata hivyo, hubaki nyuma ya kanuni, na barua zile bado zinabebwa hadi bandarini.

Dhana: Ukimsajili mbwa mtandaoni na kumvalisha kizibao, amekuwa mbwa wa huduma

Marekani haina daftari la serikali la mbwa wa huduma, wala ADA haidai cheti, kitambulisho au kizibao. Tovuti zinazouza vyeti na vizibao zinauza karatasi na kitambaa; hazimpi mbwa haki yoyote. Mhudumu anayefuata sheria hiyo, pale ambapo kazi ya mbwa haionekani kwa macho, anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na je, amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kumuuliza mtu anaumwa nini, wala kumtaka mbwa aonyeshe kazi yake hapo hapo. Jibu la swali la pili ndilo linaloamua, na jibu kama "ananituliza" halielezi kazi. Jibu kama "hunigusa goti na kuniongoza nje ya msongamano ninapoanza kutetemeka" linaeleza.

Mbwa ambaye bado yumo mafunzoni ni habari nyingine. Sheria hiyo ya shirikisho haimkingi, na ni kawaida kwa kampuni za meli kumkataa.

Dhana: Kwa kuwa cheti hakidaiwi, kampuni haina haki ya kuomba karatasi yoyote

Wanaoshikilia dhana hii mara nyingi wameisoma sheria vizuri, ila wameisoma nusu. Ni kweli kwamba kampuni haiwezi kudai cheti cha mafunzo. Lakini karatasi za afya hazihusiani na mafunzo: kumbukumbu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha daktari wa mifugo na vibali vya kuingia nchini hudaiwa kwa sababu serikali za bandari zinazidai. Kampuni nyingi hutaka taarifa mapema, mara nyingi siku 30 au zaidi kabla ya safari, na nakala za karatasi hizo zikabidhiwe melini siku ya kupanda. Karatasi hizo zibebwe mkononi. Sanduku lililokabidhiwa kwa wapagazi huweza kufika chumbani saa kadhaa baada ya mwenyewe, na ofisa wa bandari hatasubiri.

Dhana: Meli yenye bendera ya kigeni haifungwi na sheria za nchi inakopakia abiria

Meli nyingi za kitalii zinazopakia abiria katika bandari za Marekani zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, na ndiyo maana dhana hii ina mashiko. Mwaka 2005, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ADA inazihusu meli za kitalii zenye bendera za kigeni zinapokuwa katika maji ya Marekani, ingawa iliacha nafasi kwa mambo ya ndani ya meli ambayo sheria hiyo haipaswi kuyaingilia. Umoja wa Ulaya nao una Kanuni namba 1177/2010, inayotumika tangu Desemba 2012, ambayo inataka mbwa msaidizi anayetambuliwa awekwe pamoja na mtu anayemsindikiza, mradi kampuni imearifiwa kwa mujibu wa taratibu za nchi husika. Kanuni hiyo inazigusa pia safari za kitalii zinazoanzia katika bandari ya nchi mwanachama. Angalia neno "anayetambuliwa": nchi kadhaa za Ulaya zina mfumo rasmi wa kuwatambua mbwa hawa, hivyo Mmarekani aliyezoea maswali mawili tu anaweza kuombwa kitu ambacho nyumbani kwake hakipo.

Dhana: Kampuni ikimkubali mbwa, atashuka nami katika kila bandari

Kampuni inamiliki meli; haimiliki kisiwa kwa kuleta watalii tu. Nchi au visiwa visivyo na kichaa cha mbwa hulinda hali hiyo kwa ukali, na vingine havina nafuu kubwa hata kwa mbwa wa huduma. Hawaii ina karantini ya wanyama inayoweza kufika siku 120, na mbwa wa huduma husamehewa pale tu anapotimiza masharti ya chanjo, kipimo cha damu na chipu ya utambulisho. Nchi za Umoja wa Ulaya hutaka chipu hiyo iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku hiyo hiyo, na siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza. Uingereza huongeza dawa ya minyoo ya tegu, itolewe na daktari wa mifugo si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya mbwa kuingia. Kwa msafiri wa ndege sharti hilo ni jepesi. Kwa aliyeko melini, saa hizo huweza kuangukia katikati ya bahari, ambako hakuna daktari wa mifugo, kwa hiyo miadi lazima ipangwe katika bandari iliyotangulia, na muda wa meli kukaa hapo uwe unatosha.

Pale mbwa asiporuhusiwa kushuka, kinachofuata hakipendezi: kampuni kwa kawaida hazikubali mbwa aachwe peke yake chumbani, hivyo mwenye mbwa naye hubaki, isipokuwa ana mwenzake wa kumshikia zamu. Na kama bandari ya mwisho ndiyo inayomkataa, huenda asipandishwe kabisa tangu mwanzo.

Kurudi nyumbani pia ni kuingia nchi. Tangu Agosti 1, 2024, kila mbwa anayeingia Marekani, awe wa huduma au la, awe mzaliwa wa huko au mgeni, anapaswa kuwa na umri usiopungua miezi 6, chipu inayosomeka, afya inayoonekana kuwa njema, na fomu iliyojazwa ya CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa. Masharti huongezeka kwa mbwa ambaye katika miezi 6 iliyopita alikuwa katika nchi yenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na orodha hiyo inazo nchi za Karibea zinazotembelewa na meli hizi, kama Jamhuri ya Dominika.

Dhana: Wahudumu wa meli watamtunza

Hapana. Chakula, maji, usafi na matembezi ni juu ya mwenye mbwa. Kinachotolewa na meli ni kisanduku cha haja, kwa kawaida chenye upana wa futi 4 kwa 4, kilichojazwa matandazo ya magome ya miti au nyasi, na mara nyingi hutumiwa na mbwa wote waliomo safarini. Asubuhi ya kwanza mbwa aliyezoea kwenda haja kwenye majani mabichi hufikishwa hapo sitahani, akanusa harufu ya wageni, akaweka guu moja kwenye magome, akaliondoa, kisha akamtazama mwenye kamba. Wengine hujizuia kwa saa nyingi. Dawa yake ni kununua magome hayo wiki kadhaa kabla ya safari na kumzoesha nyumbani, jambo ambalo wachache hulikumbuka.

Mbwa haingii katika mabwawa ya kuogelea, na anayeshindwa kudhibitiwa anaweza kuondolewa hata akiwa mbwa wa huduma halali.

Dhana: Mbwa asiye wa huduma hawezi kupanda meli yoyote

Ipo Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York. Baada ya ukarabati wa mwaka 2016 ina vibanda 24 vya wanyama, mtunzaji wake, na hata nguzo ya taa na bomba la zimamoto vilivyowekwa makusudi ili mbwa wajisikie wako mtaani. Nafasi hujaa mapema mno. Lakini wanyama hao hulala vibandani, na wenyewe huwatembelea kwa saa zilizopangwa tu, kwa hiyo anayemhitaji mbwa wake hasa usiku, taa zikizimwa na usingizi ukigoma, atakuwa amelipia safari ambayo saa hizo mbwa yuko sitaha nyingine.