Nidhamu yenye malezi ni nini kwenye shule mbadala?

Shule mbadala ni zile zinazopokea wanafunzi walioshindikana kwingine, yaani waliofeli wakarudia wakafeli tena, watoro, waliofukuzwa kwa ugomvi, mabinti waliozaa wakiwa bado wadogo. Watu wakisikia hivyo wanawaza mawili tu, ama ni jela ndogo ama ni sehemu ya kubembelezana. Nidhamu yenye malezi sio hilo wala lile, ni kumjali mwanafunzi na kumkazia kazi kwa wakati mmoja, mtu yuleyule afanye yote mawili.

Mtafiti Judith Kleinfeld aliliandika hili mwaka 1975, aliwaangalia walimu wa Alaska kule Marekani waliokuwa wanafundisha vijana wa jamii za asili waliotoka vijijini kuja kusoma mjini. Waliofanya vizuri ni wale waliojenga ukaribu na kijana kwanza halafu wakamdai kazi bila kumwachia. Wenye huruma tupu hawakuwafikisha mbali. Na hii huruma tupu mi ndo inaniuma zaidi, maana kijana aliyefeli sana anamsoma mwalimu haraka mno, akiona kila siku anapewa maswali mepesi na maksi za bure anajua kabisa huyu naye kashakata tamaa na mimi.

Chukua kijana kaingia kachelewa, kalaza kichwa kwenye dawati. Mwalimu mkali anamtoa nje, mpole anamwacha alale. Huyu wa tatu anapita taratibu, anamwita jina lake kwa sauti ya chini wenzake wasisikie, anamuuliza jana umelala wapi, umekula? Kama hajala linashughulikiwa hilo kwanza, halafu anaambiwa hesabu za leo unazifanya kabla hujaondoka, nitakaa na wewe. Na anakaa kweli.

Adhabu ipo pia jamani. Akivunja kitu anakitengeneza, akimtukana mwenzake wanakaa chini na mwalimu, aliyetukana anamsikiliza aliyeumia mpaka amalize, wanakubaliana atarekebishaje, na likiisha limeisha, halikumbushwi tena mbele ya darasa. Viboko havina kazi hapa, wengi wao wameshachapwa sana, na mtoro ukimsimamisha masomo wiki mbili umempa likizo.

Ndo maana madarasa ya shule hizi lazima yawe madogo, mwalimu mwenye wanafunzi 70 hata awe na moyo gani hawezi kujua nani jana hakulala nyumbani.