Akaunti ya mtoto ikiiva: maneno ya mtaani na ukweli wake

"Hela niliweka mimi, nitatoa mimi." Dar es Salaam utalisikia hili kila kona, na ndilo linalozua ugomvi benki. Akaunti ikishafunguliwa kwa jina la mtoto, mzazi ni msimamizi tu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Akishavuka hapo, sahihi inayotakiwa ni yake. Baba aliyepanga kumalizia nyumba Chanika kwa hela hiyo akae na mwanawe kwanza.

Wengine hudhani mzazi akifariki hela inaingia kwenye mirathi yake. Kwa kawaida haiingii, maana si jina lake. Lakini mjomba hawezi kwenda kutoa kwa sababu tu ni mjomba. Benki itataka msimamizi anayetambulika kisheria.

"Cheti cha kuzaliwa kinatosha." Kilitosha kufungulia. Kijana wa miaka 18 ataulizwa namba ya NIDA, na hapo ndipo wengi wanapokwama: cheti cha RITA kimeandika Hamisi, cha kidato cha nne Khamis, na NIDA jina la babu limeongezeka. Machoni pa benki hao ni watu watatu. Tofauti ya herufi moja huenda ikamalizwa kwa kiapo mbele ya wakili. Kubwa zaidi hudai marekebisho kulekule cheti kilikotoka. Yalinganishe majina mtoto akiwa bado sekondari. Akitimiza 18 tu, aanzie serikali ya mtaa, kisha NIDA. Kungoja Januari, ada ya chuo ikidaiwa, ni kujitafutia presha.

"Muda ukifika hela inashuka yenyewe." Inategemea ulichojaza kwenye fomu. Kwa amana za muda maalumu, yaani hela iliyofungiwa benki hadi tarehe fulani, ukikaa kimya benki inaweza kuianzishia amana muda mpya kwa riba ya siku hiyo, na ukiivunja katikati riba unaipoteza, yote au sehemu. Peleka maelekezo kwa maandishi kabla ya tarehe.

Na yale malalamiko ya "wametuibia"? Mara nyingi ni kodi ya zuio, ile benki inayoikata kabla ya kukulipa, asilimia 10 ya riba: riba ikiwa shilingi 800,000, zinakwenda TRA 80,000. Mtaji wenyewe hauguswi. Ukiona makato yamegusa mtaji, hapo omba taarifa ya akaunti na udai maelezo.