Skii na snoubodi ughaibuni: tunayoambiana na yaliyo kweli mlimani

Kila Novemba, vituo vya jimbo la Colorado, Marekani, vya kuteleza kwenye theluji, kwa mbao mbili za skii au ubao mmoja wa snoubodi, vinapofunguliwa, maneno yale yale huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Denver na Aurora. Ni mchezo wa Wazungu. Ni mchezo wa matajiri. Utavunjika mguu, kazi uikose. Matokeo yake watoto wanapanda mlimani na shule zao, na mzazi aliyewafuata anabaki ndani ya gari, hita imewashwa, mpaka lifti za kupandisha watu mlimani zifungwe saa kumi jioni. Namwandikia mzazi huyo. Majira ya baridi hapa ni marefu na yanaumiza ukiyamaliza yote ndani ya nyumba, na mengi yanayomzuia si kweli. Yapo mengine ambayo hayamzuii mtu bali yanampa ujasiri wa bure, na hayo ndiyo yanayopeleka watu hospitali.

"Ni mchezo wa Wazungu"

Mwaka 1973 Ben Finley na Art Clay walikusanya vilabu 13 vya Wamarekani Weusi wanaoteleza, watu zaidi ya 300, katika mji wa Aspen, hapa hapa Colorado. Mkutano ule ndio uliozaa National Brotherhood of Skiers, shirikisho ambalo bado linakutana milimani mpaka leo, wakubwa kwa watoto. Na ukitaka wa nyumbani kabisa, yupo Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji Mkenya, akavaa skii kwa mara ya kwanza Finland mwaka 1996, na miaka miwili baadaye akashindana mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani. Alifika wa mwisho. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa bado yuko pale kwenye mstari akimsubiri amkumbatie, na Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, akashuka mlima akiwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Hata lifti ya viti, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye kebo, ina damu ya nchi za joto. Ya kwanza duniani ilijengwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na mhandisi wake, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alichukua wazo lake kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini.

"Bila maelfu ya dola huendi"

Hapa hofu ina sababu. Tiketi ya lifti ya siku moja pale kituo cha Vail, ukiinunua dirishani siku za kilele, hupita dola 300. Lakini bei ile ni ya mtu aliyechelewa. Pasi za msimu za Epic na Ikon, zinazokuingiza vituo vingi, pamoja na zile za siku chache, huuzwa kuanzia majira ya kuchipua na kufungwa karibu na mwanzo wa Desemba, na anayenunua mapema hulipa sehemu ndogo ya bei ya dirishani. Anayeanza kabisa haihitaji hata hiyo, maana siku ya kwanza utaimaliza kwenye mteremko mdogo wa chini. Uliza kifurushi cha wanaoanza, ambacho huunganisha somo, vifaa na lifti za chini. Kituo cha Loveland, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Denver barabara ikiwa wazi, imetenga bonde zima kwa ajili yao.

Wenye watoto wa chekechea hadi darasa la tano waulizie Epic SchoolKids: mpango huu umekuwa ukiwapa watoto wa Colorado siku nne za bure katika kila kimojawapo cha vituo kama Keystone, Breckenridge na Vail. Kujiandikisha hufungwa mapema, theluji ikiwa bado haijatanda. Naumia kila mwaka nikisikia familia zetu zimeujua mpango huu Januari.

Usafiri pia usikutishe. Mabasi ya Snowstang, ya idara ya usafiri ya jimbo, hutoka Denver wikiendi. Ukiamua kwenda na gari lako, jua kuwa kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31 sheria inakutaka uwe na matairi yanayofaa au minyororo kwenye sehemu ya milimani ya barabara ya I-70.

Ndugu zetu wa Minnesota hawana milima, na hawaihitaji. Buck Hill, nje kidogo ya Minneapolis, haifiki mita 100 kutoka chini hadi kileleni, na watu huteleza jioni chini ya taa baada ya kazi. Kwenye kilima hicho ndiko alikofunzwa Lindsey Vonn, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 2010.

"Rafiki yangu atanifundisha"

Rafiki anakupenda, lakini amesahau ilivyokuwa kutojua. Atakupeleka juu, ateremke, akusubiri chini. Lipia somo. Mwalimu ataanza na kusimama, yaani kuziweka ncha za mbele za skii karibu karibu na kuzitanua za nyuma, umbo ambalo watoto huliita pizza. Usipande lifti ya viti kabla hujaweza kusimama pale unapotaka.

"Snoubodi ni rahisi, ubao ni mmoja tu"

Vijana wetu wengi huichagua kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu buti zake ni laini. Buti kweli ni laini. Lakini kwenye skii miguu iko huru kila mmoja na unatazama mbele, kwa hiyo wengi hupata mizani yao siku ile ile ya kwanza. Kwenye snoubodi miguu yote miwili imefungwa na umekaa ubavu ubavu. Ukingo wa ubao ukinasa kwenye theluji unaanguka ghafla, kwa makalio au kwa kifua, na siku mbili za mwanzo huwa ndizo hizo. Akishavuka hapo, mwenye snoubodi huendelea haraka, na mwenye skii huanza kukutana na ugumu wake.

Majeraha nayo yanatofautiana. Skii huonea magoti. Snoubodi huonea vifundo vya mikono, kwa sababu mtu anayeanguka hunyoosha kiganja kujizuia. Vaa kinga za vifundo, ukunje ngumi unapoanguka.

"Vifaa vya kukodi ni vile vile, chochote kitafaa"

Hili nalisisitiza kuliko yote. Vifungio vya skii hutengenezwa viachie buti mtu anapoanguka. Nguvu ya kuachia huwekwa na fundi wa dukani kwa kuangalia uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na namna unavyoteleza. Ukipunguza kilo kwa kuona aibu, kifungio kitakuachia pasipotakiwa. Ukiziongeza, au ukajiita mzoefu mbele ya marafiki, kitabana wakati mguu unapindika. Sema kweli pale kaunta. Hata kikiwekwa sawa, kifungio huulinda zaidi mfupa wa muundi kuliko kano za goti, kwa hiyo mwendo wa pole unabaki kuwa kinga yako.

Kina dada wenye misuko, na wanaovaa hijabu, wajaribu helmeti wakiwa kama watakavyokuwa mlimani. Kilemba kinene au fundo la nywele kisogoni huinua helmeti nayo isikae. Misuko ya kulala chini na hijabu nyembamba ya michezo haileti shida.

"Vaa kila ulicho nacho"

Jinzi hulowa na soksi za pamba hushika jasho, na baridi huingia kupitia unyevu huo. Jozi mbili za soksi hubana mguu ndani ya buti, damu isipite vizuri, vidole vikafa ganzi. Jozi moja nyembamba ya sufu yatosha. Mwilini vaa nguo ya kukausha jasho, juu yake ya kutia joto, kisha ya kuzuia maji.

"Ngozi yetu haiungui na jua"

Inaungua. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na mionzi yenyewe huzidi kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Melanini husaidia, lakini haiukingi uso wa jicho na mwako huo. Kuungua kwa uso wa jicho huja saa chache baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani, mithili ya mchanga uliomwagiwa machoni. Paka losheni mpaka chini ya kidevu, na miwani usiivue.

"Nimezaliwa nyanda za juu, mwinuko haunisumbui"

Kuzaliwa Iringa au Eldoret hakukulindi kama umeishi Houston miaka sita, kwa sababu uzoefu huo wa mwili hupotea ndani ya wiki chache. Na milima hii ni mirefu. Lifti ya juu kabisa ya Breckenridge inakufikisha mita 3,914. Hapo umepita kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, iliyo mita 3,720, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hufika siku ya pili kwa miguu. Kunywa maji, wacha pombe siku ya kwanza, na kichwa kikiuma huku ukihisi kichefuchefu, shuka.

"Sheria ni moja kila nchi"

Colorado, njia yenye alama ya duara la kijani ni rahisi, ya mraba wa bluu ni ya kati, ya almasi nyeusi ni ngumu. Ulaya hakuna almasi. Kati ya bluu na nyeusi iko nyekundu. Kubwa zaidi ni mipaka. Amerika Kaskazini kikosi cha doria hudhibiti hatari ya maporomoko ya theluji katika eneo lote lililofunguliwa ndani ya mipaka ya kituo. Kwenye milima ya Alpi, Ulaya, udhibiti huo ni wa njia zilizowekewa alama. Ukitoka mita chache pembeni, hata kama wengine wamepita, uko mikononi mwako mwenyewe.

Linalofanana kote ni kwamba aliye chini yako ana haki ya njia, na wewe uliye juu ndiwe wa kumkwepa. Mkigongana Colorado, sheria inakukataza kuondoka kabla hujaacha jina na anwani yako.

"Nikiumia, kituo kitalipa"

Doria watakushusha hadi chini, na hapa Marekani kwa kawaida hawakudai kitu. Ambulensi na hospitali watakudai. Uswisi, mwajiriwa anayefanya kazi angalau saa 8 kwa wiki kwa mwajiri mmoja ana bima ya ajali za nje ya kazi. Italia, tangu 2022, huruhusiwi kuteleza bila bima ya madhara utakayomletea mwingine. Mama au shemeji aliyekuja kutembea na viza, soma bima yake ya safari kabla hujamkodia skii, maana nyingi haziihusishi michezo ya theluji mpaka uiongeze kwa malipo.