Chumvi Iliyopikwa Ni Chumvi Ile Ile

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti chumvi mbichi, ile ya kunyunyiza mezani, ndiyo huleta presha na kuumiza moyo; ikishapikwa haina madhara. Si kweli.

Kinachopandisha presha ni sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi, na moto wa jikoni hauiondoi. Chumvi kavu huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, ilhali mchuzi huchemka kwenye 100 hivi. Jaribu mwenyewe: koroga chumvi katika maji, chemsha mpaka yakauke. Utaikuta chini ya sufuria.

Mkanganyiko huu una chanzo. Wagonjwa wa presha huambiwa wasiongeze chumvi mezani, na ushauri huo ni mzuri, maana chakula kilishatiwa chumvi jikoni. Wengi wakaelewa kwamba ya chunguni ni salama, wakaitia kwa mkono mzito. Inasikitisha, kwa sababu mtu anajinyima kwa dhati na presha haishuki.

Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate, ng'onda, achari na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu hukoleza bila chumvi.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia, na kama anatumia dawa za presha, asiziache bila kuzungumza na daktari wake.